Ubora au Kiki? Mwongozo Kamili wa Kubishana Kuhusu Hevi Metali kwa Ushahidi

Ubishi huu huanza vizuri na kuishia pabaya. Mmoja anasema bendi fulani imejiuza. Mwenzake anajibu kwamba hayo ni maneno ya wivu. Baada ya dakika kumi watu wanatajiana idadi ya nakala zilizouzwa na kudharauliana ladha, na muziki wenyewe haujachezwa hata mara moja. Nimelishuhudia hili mara nyingi mno na linaniuma, kwa sababu hevi metali ni muziki wa kazi ya mikono. Unaweza kuuchunguza noti kwa noti.

Kosa ni lile lile kila mara: watu wanaugeuza umaarufu kuwa ushahidi. Anayeipenda bendi anasema imeuza sana, kwa hiyo ni bora. Asiyeipenda anasema imeuza sana, kwa hiyo ni kiki tupu. Ubora na kiki vinaweza kukaa ndani ya albamu moja, na kila kimoja kina kipimo chake. Hapa nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: albamu ya Metallica ya 1991 yenye jina la bendi, ile ya jalada jeusi. Sijui albamu nyingine ya metali iliyogombanisha mashabiki kiasi hicho.

## Utakavyohitaji

- Albamu nzima inayobishaniwa, kwa mpangilio wake. Singo peke yake haitoshi, kwa sababu singo huchaguliwa ili iuze.
- Albamu ya awali ya bendi hiyo hiyo, kwa ajili ya kulinganisha.
- Albamu nyingine ya tawi lile lile la metali, iliyotoka karibu na mwaka huo.
- Hedifoni nzuri. Spika ya simu humeza besi, na besi ni nusu ya kesi.
- Saa, daftari na kalamu.
- Maneno ya nyimbo yaliyoandikwa, hasa kama mwimbaji ananguruma.
- Mtu mmoja asiyekubaliana nawe. Mmoja tu, wakiwa watano utapata makelele.

Tenga jioni mbili. Usijaribu kumaliza kwa siku moja, maana sikio huchoka kabla ya akili kutambua.

## Hatua ya 1: Andika dai lako, kisha lipasue

"Metallica walijiuza mwaka 1991." Sentensi hiyo inaonekana kama dai moja, lakini ndani yake yamo manne:

1. Muziki wao ulibadilika.
2. Waliubadilisha kwa ajili ya pesa.
3. Mabadiliko yaliushusha.
4. Watu waliununua kwa sababu ya matangazo.

La kwanza unalipima kwa saa. La pili linahitaji ushahidi wa nia, na nia ya mtu ni ngumu kuishika. La tatu ni kazi ya sikio, la nne ni kazi ya takwimu. Unaweza kushinda moja na kushindwa mengine yote, ndiyo maana ni lazima yatenganishwe kabla mtu hajafungua mdomo.

Tujaribu lile la kwanza. Albamu yao ya 1988, "...And Justice for All", ina nyimbo 9 katika dakika 65 na ushee. Albamu nyeusi ina nyimbo 12 katika dakika 62 na ushee. Wastani wa wimbo umeshuka kutoka zaidi ya dakika 7 hadi takriban dakika 5. Dai la kwanza limesimama, na hakuna aliyelazimika kupaza sauti.

Tahadhari: hapa ndipo wengi wanaporuka moja kwa moja hadi dai la tatu. Nyimbo fupi si nyimbo dhaifu. "Reign in Blood" ya Slayer, ya 1986, ina nyimbo 10 katika takriban dakika 29, na hakuna shabiki wa thrashi, tawi la metali lenye kasi, anayedai ilifupishwa ili kuipendeza redio.

Utajua umefaulu ukiweza kumwonyesha mwenzako ni lipi kati ya madai yako linaloweza kuangushwa, na kwa ushahidi gani.

## Hatua ya 2: Weka kifurushi pembeni, usikitupe

Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili. Upande mmoja andika kila unachokiona: vinyago, vipodozi vya maiti (uso uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi), moto jukwaani, jalada, video, habari za magazetini. Upande wa pili andika unachokisikia tu.

Usiuchukulie upande wa kwanza kama takataka. Metali imekuwa na maigizo tangu siku zake za mwanzo, na kuna wasanii ambao maigizo hayo ni sehemu halali ya sanaa yao. Msikilize King Diamond anavyobadilisha sauti kutoka mhusika mmoja hadi mwingine ndani ya hadithi moja, utaona kwamba vipodozi vile vina kazi. Swali la kuuliza ni hili: picha ikizimwa, kinabaki nini?

Mfano mzito ni Mayhem wa Norwei. Agosti 1993 mpiga gitaa wao aliuawa na mwanamuziki yule yule aliyempigia besi kwenye albamu waliyokuwa wamerekodi. Albamu hiyo, "De Mysteriis Dom Sathanas", ilitoka 1994 ikiwa na mikono ya wote wawili. Habari za mauaji na za makanisa kuchomwa zililipeleka jina la blaki metali, tawi la metali la akina Mayhem, mahali ambapo hakuna tangazo lingefika. Ni kiki iliyotokana na damu, na ninaona ni kosa kubwa kuisimulia kwa shangwe. Lakini uhalifu haupigi gitaa. Huwezi kuutumia kuthibitisha kwamba rifu (mchoro mfupi wa gitaa unaorudiwa) ni nzuri, wala kwamba ni mbaya. Ubaki kwenye upande wake wa ukurasa, na uhukumiwe huko kwa uzito wake.

## Hatua ya 3: Sawazisha kiwango cha sauti

Hatua hii ni fupi na karibu kila mtu huiruka.

Sikio huamini kwamba chenye sauti kubwa zaidi ni bora zaidi. Ukicheza rekodi ya zamani yenye sauti ya chini, kisha mpya iliyokandamizwa ili ipige kelele, mpya itashinda sekunde za mwanzo hata kama ni mbovu. Kisha itakuchosha. "Death Magnetic" ya Metallica, ya 2008, ilikandamizwa hadi sauti ikaanza kukwaruza. Nyimbo zile zile kwenye mchezo wa Guitar Hero zilisikika zikiwa na nafasi zaidi, na maelfu ya mashabiki wakatia saini ombi kwamba albamu imiksiwe upya, yaani sauti za vyombo zipangwe upya. Utunzi ulikuwa ule ule. Kilichoharibika ni hatua ya mwisho ya studio.

Fungua mipangilio ya programu yako ya muziki, tafuta sehemu ya kusawazisha sauti, iwashe. Kama haipo, punguza kwa mkono ile yenye kelele mpaka sauti ya mwimbaji ilingane kwenye rekodi zote mbili.

Utajua umefaulu ukihama kutoka albamu moja hadi nyingine na mkono wako usikimbilie kitufe cha sauti.

## Hatua ya 4: Sikiliza mara tatu

Hapa ndipo kesi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Mara ya kwanza, sikiliza albamu yote bila kuandika. Funga simu. Unachotafuta ni mahali ambapo mwili wako umeitika bila kuuliza ruhusa, na mahali ambapo umeanza kufikiria mambo mengine.

Mara ya pili, chukua wimbo mmoja na saa. Nakushauri uanze mazoezi kwa wimbo unaofungua albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya Februari 1970, kwa sababu kila kitu kiko wazi. Mvua, radi, kengele. Kisha gitaa linaingia na noti tatu tu: ya kwanza chini, ya pili ni ile ile oktava moja juu, ya tatu inatua katikati kabisa ya oktava hiyo, mahali ambapo sikio halipati pa kupumzika. Noti tatu, polepole, zikirudi na kurudi. Hakuna kiitikio cha kuimba pamoja. Halafu, karibu na mwisho, bendi inabadilisha mwendo na kuanza kukimbia. Jiulize: mbio zile zingekuwa na nguvu gani bila dakika zile za kukokota? Andika jibu. Hiyo ndiyo hoja ya utunzi, na inaweza kujaribiwa na mtu yeyote: ruka mwanzo, cheza mwisho peke yake, usikie unavyopungua.

Albamu ile ilirekodiwa kwa siku moja. Wakosoaji wengi wa wakati huo waliiponda. Mambo hayo mawili hayaongezi wala kupunguza noti hata moja, lakini yanafaa kukumbukwa mtu atakapokuambia kwamba gharama za studio au sifa za magazeti ni kipimo.

Mara ya tatu, fuata chombo kimoja kimoja. Dramu peke yake, kisha besi, kisha gitaa la mdundo, kisha sauti. Utagundua mambo ambayo mjadala wa kawaida haugusi kamwe. Kwenye "...And Justice for All", kwa mfano, besi karibu haisikiki kabisa. Huo ni uamuzi uliofanyika wakati wa kumiksi. Kwa hiyo ukiisifu albamu hiyo kwa uchangamano wake, una haki. Ukiisifu kwa sauti yake, jiandae kutetea chombo kizima kilichozikwa.

Sasa andika mambo haya kuhusu kila wimbo, kwa maneno yako:

- Rifu inaendelea kukua, au inarudiwa tu mpaka muda uishe?
- Ukiondoa sehemu moja, wimbo unavunjika au haujali?
- Wanamuziki wanasikilizana, au kila mmoja anaonyesha chake?
- Kuna jambo ambalo bendi ingeweza kuliepuka kwa urahisi, ikaamua kulifanya?

Tahadhari: ugumu usikutishe. Kwenye "Bleed" ya Meshuggah, ya 2008, miguu ya mpiga dramu inafuata mchoro wa gitaa kwa dakika zaidi ya 7, na ni kazi ya kutisha kimwili. "Transilvanian Hunger" ya Darkthrone, ya 1994, imerekodiwa kwa mashine ya njia nne, gitaa linakwaruza kama redio yenye mawimbi mabovu, na dramu karibu haibadiliki. Ya kwanza ni ngumu sana kupiga, ya pili si ngumu. Zote mbili, kwa hukumu yangu, ni sanaa kamili, kwa sababu kila moja imeutumia ufundi wake kufika mahali ambapo ufundi wa mwenzake usingeifikisha. Kasi ya vidole ni nyenzo ya kazi, kama nyundo ilivyo kwa seremala. Vivyo hivyo usiabudu rekodi chafu: uchafu wa sauti nao unaweza kuwa pozi la kuuzia.

Utajua umefaulu ukiwa na angalau sehemu tano zenye dakika na sekunde zake, ambazo unaweza kumchezea mtu na kumwambia, "Sikiliza hapa."

## Hatua ya 5: Soma takwimu, ukijua zinahesabu nini

Nchini Marekani, cheti cha dhahabu hutolewa kwa nakala 500,000 na cha platinamu kwa 1,000,000. Kwa miongo mingi kilichohesabiwa ni nakala zilizopelekwa madukani. Septemba 1978 wanachama wanne wa bendi ya Kiss walitoa albamu za pekee siku moja. Zote nne zilipata platinamu kwa idadi iliyosambazwa, kisha marundo ya nakala yakarudishwa bila kununuliwa. Tangu 2016 kusikilizwa mtandaoni nako huhesabiwa, ambapo nyimbo za albamu kuchezwa mara 1,500 ni sawa na albamu moja. Neno ni lile lile, "platinamu", lakini vitu vinavyohesabiwa ni tofauti.

Chati nazo zimebadilika. Mwaka 1991 Billboard ilianza kutumia mauzo halisi yanayosomwa kwa mashine madukani, badala ya kutegemea taarifa za wenye maduka. Ndani ya miezi michache Skid Row na kisha Metallica walikuwa wameanza moja kwa moja nafasi ya 1. Anayetaja nafasi ya chati bila kutaja namna ilivyohesabiwa hajatoa ushahidi bado.

Kuna tofauti moja ya takwimu ninayoiamini zaidi: wiki ya kwanza dhidi ya miaka inayofuata. Wiki ya kwanza hupima matangazo na hamu ya mashabiki waliokuwa wakisubiri. Albamu nyeusi imekaa kwenye chati ya albamu ya Billboard zaidi ya wiki 500 kwa jumla. Hakuna kampeni ya matangazo inayodumu kiasi hicho. Hilo halithibitishi kwamba ni albamu bora, ila linalibana vibaya dai namba 4.

Na sasa upande wa pili. Mwaka 2022 wimbo "Master of Puppets", wa 1986, uliingia chati ya Hot 100 ya Marekani kwa mara ya kwanza baada ya kutumika kwenye tamthilia ya televisheni. Rekodi ni ile ile, haikuguswa. Wako mashabiki wa siku nyingi waliochukia kuona vijana wakiuimba. Waulize kwa upole: ni noti ipi iliyobadilika?

Tahadhari: mauzo madogo si cheti cha usafi. Bendi inaweza kukosa wasikilizaji kwa sababu haina nyimbo.

Kuhusu tuzo, usipoteze muda mrefu. Mwaka 1989 tuzo ya kwanza ya Grammy kwa roki ngumu na metali ilikwenda kwa Jethro Tull, ambao si bendi ya metali, huku Metallica wakiwa miongoni mwa walioteuliwa. Taja mfano huo, songa mbele.

## Hatua ya 6: Fuatilia pesa bila kubuni nia

Tafuta nani alilipa, nani alichagua prodyuza, na bendi ilipoteza nini kwa kukataa.

Kundi la Sleep liliipelekea kampuni yao ya kurekodi albamu yenye wimbo mmoja wa takriban saa nzima. Kampuni ikakataa kuitoa na kundi likavunjika. Toleo moja lilitoka 1999, na lile linaloitwa "Dopesmoker" likatoka 2003. Hapo kuna ushahidi wa gharama: walijua wanachokihatarisha.

Celtic Frost wa Uswisi walitoa "Cold Lake" mwaka 1988, wakiwa na nywele zilizopulizwa na sauti ya glamu iliyotawala soko wakati ule. Kiongozi wao mwenyewe ameikana albamu hiyo. Lakini bendi hiyo hiyo ilirudi 2006 na "Monotheist", albamu nzito na ya giza kuliko nyingi za vijana wa wakati huo. Kwa hiyo usimhukumu msanii maisha yake yote kwa albamu moja, hukumu albamu.

Na albamu nyeusi? Metallica walimchagua Bob Rock, prodyuza wa "Dr. Feelgood" ya Mötley Crüe, kwa sababu waliipenda sauti nzito ya rekodi ile. Ushahidi huo unaonyesha kwamba walitaka sauti kubwa zaidi. Kwamba walitaka pesa tu, hauonyeshi. Ukiandika hivyo kwenye daftari, dai namba 2 linabaki halijathibitishwa, na uwe na ujasiri wa kuliacha hivyo.

## Hatua ya 7: Sasa bishaneni

Kanuni ni moja: kila hoja kuhusu muziki ianze kwa kucheza muziki.

Binamu yangu, aliyenizidi miaka tisa, alikuwa akishikilia kwamba albamu nyeusi ni uvivu mtupu. Jioni moja nikamwambia, "Kaka, chagua wimbo mmoja unaouona dhaifu. Tuusikilize bila kusema neno."

Akachagua "Sad but True". Ulipoisha nikamwuliza anasikia nini kwenye nyuzi. Akaurudisha mwanzo, akafumba macho, akaweka kidole juu ya meza kufuata mpigo.

"Wamezilegeza," akasema. "Ziko chini kuliko kawaida yao. Na wamepunguza mwendo. Uzito unakaa kwenye zile nafasi kati ya mapigo."

Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, sikubali kwamba inaifikia albamu yao ya 1986, "Master of Puppets". Ila nilisema ni uvivu, na huu si uvivu."

Hayo ndiyo mafanikio unayoyatafuta. Dai lake halikufa, lilipungua ukubwa na kuongezeka ukweli. Mimi nami niliandika upande wangu kwamba hakuna wimbo kwenye albamu ile unaojengwa kwa sehemu nyingi kama zile za 1986, na bado naliona ni pengo.

Mambo mawili ya kukataa mezani: "hiyo si metali halisi", kwa sababu hugeuza mjadala wa ubora kuwa wa uanachama, na "ni suala la ladha tu", ikisemwa kabla mtu hajasikiliza. Ladha iwekwe mwisho, baada ya ushahidi kuisha.

## Hatua ya 8: Andika hukumu, weka tarehe, rudi baada ya wiki mbili

Hukumu iwe na mistari michache, ikifuata yale madai manne. Yangu ilisomeka hivi: "Muziki ulibadilika: ndiyo. Kwa ajili ya pesa: haijathibitishwa. Umeshuka: umepungua uchangamano, umeongezeka uzito na nafasi. Matangazo peke yake: hapana."

Kisha usiisikilize albamu kwa wiki mbili. Siku ikifika, kabla ya kucheza chochote, andika sehemu unazoweza kuziimba kwa kumbukumbu. Linganisha na orodha ya Hatua ya 4. Kilichobaki bila kusukumwa na video wala redio ndicho cha kuchunguza upya.

Kwenye orodha yangu ya kwanza nilianza na "Enter Sandman", kama kila mtu. Kwenye ya pili, kilichonijia kwanza ni besi inayofungua "My Friend of Misery", wimbo ambao haukutolewa kama singo na ambao mara ya kwanza nilikuwa nimeupa nusu mstari. Chombo kile kile kilichozikwa mwaka 1988, sasa kinaanza peke yake. Nikarudi kwenye hukumu yangu, nikakata maneno "uzito na nafasi", nikaandika upya.